Boti ya jioni pale Livingstone: kwa wenye wanaenda kuona marafiki Zambia

Siye watu wa Lubumbashi, nani hana rafiki ngambo ya Kasumbalesa, pale mupaka wa Kongo na Zambia? Mwenye alienda kusoma akabakia, mwenye alioa kule, mwenye iko anauza vipuri Kitwe, na kila mwaka ni ile wimbo moja tu, "mutakuja lini, mutakuja lini". Basi siye wa promosheni moja ya sekondari tulijipanga tukaenda, wenye wako Kitwe na Lusaka wakatupokea muzuri sana, kisha wote pamoja tukashuka mpaka Livingstone. Mambo ya maporomoko ya Victoria kila mutu ameshaona kwenye foto, mimi nataka kuongea juu ya ile boti ya jioni kwenye Zambezi, juu njo kintu nililipa na nitalipa tena, hata kama kuko mambo haikunipendeza.

Maporomoko yenyewe ni kitu cha kweli, usiniskie vibaya. Upana wake karibu mita 1,700, kushuka zaidi ya mita 100, na ukipita ile daraja ya miguu wanaita Knife Edge unalowa mpaka ndani ya soksi. Vijana wa kukodisha makoti ya mvua wako pale mulangoni, lipa tu, usijifanye muntu mukubwa (na chakula ficha ndani ya mufuko, nyani wa pale hawaombi ruhusa). Lakini fasi ya kuongea ile hapana! Rafiki yetu mumoja, baba yake alifanya kazi ya reli maisha yake yote hapa Lubumbashi, alisimama akaona ile daraja ya treni ya 1905 kati ya Zambia na Zimbabwe, akaanza kutueleza vile muzee alikuwa anaongea juu yake, juu reli yenye ilipita pale njo ile ile ilikuja kufika kwetu 1910. Na ndani ya ile maneno alitaka kutuambia vile muzee alikufa, siye wengine hatukuwa kwenye matanga. Maji inanguruma, mutu anauliza "unasema nini?", anarudilia, mwingine anavuta foto, akaacha.

Ile hadithi alikuja kuimaliza kwenye boti. Njo maana ninaandika.

Namna inafanyika: gari yao inakuja kuwachukua kwenye loji, kama saa kumi hivi boti inaondoka, munakaa juu ya maji kama masaa mbili mpaka jua linashuka. Ni upande wa juu wa maporomoko, maji iko pole, muto mupana, ngambo ile ni Zimbabwe. Kwa mbali unaona ule mvuke mweupe unapanda. Vinywaji viko ndani ya bei, bia ya Mosi iko baridi kabisa (si Simba, bia yetu ya Lubumbashi, lakini inateremuka), na mutu hawezi kuondoka, hakuna mwenye atasema "ninafika pale kidogo ninarudi", mutandao unakatika-katika, kwa hiyo simu zinabakia kwenye meza. Munaangaliana. Kapiteni alizima mashine karibu na kisiwa kimoja, viboko wakatoa masikio na macho tu juu ya maji, hawasogei, dada mumoja wa kwetu akasema "angalieni, kama vile wafanyakazi wa serkali wanangojea mushahara", boti nzima ya watu wa Lubumbashi ikapasuka na kicheko, Wazungu wa meza ya pembeni wanatuangalia tu. Tembo pia tuliona, wanakunywa maji upande wa Zimbabwe, mamba mumoja kwenye muchanga.

Halafu yule tulikuwa tunamuita Shefu wa klasi (mpaka leo anaongea kama anasoma majina ya wenye kuchelewa) akaanza jiografia yake. Eti munajua hii maji inatoka wapi? Na kweli, Zambezi inazaliwa upande wa Mwinilunga, karibu kabisa na mupaka wetu, mvua ikianguka upande huu wa kilima inaenda kwa Zambezi mpaka bahari ya Hindi, ikianguka upande ule inaingia kwa mito ya Kongo mpaka Atlantiki. Tukabishana mpaka mwisho kama Kafue nayo inatoka karibu na kwetu. Inatoka, ndiyo, aliniudhi kuwa na haki.

Sasa yenye haikunipendeza. Chakula kwanza: mabawa ya kuku, soseji ndogo, vipande vya nyama kwenye kijiti, mutu mwenye amezoea bukari (ugali) na samaki hiyo ni kuonja tu, kuleni mbele ya kwenda. Pili sono, waliweka muziki juu sana wakati wa kuondoka, lakini tukiomba wakashusha bila kununa, kwa hiyo ombeni. Tatu mbu, jua likishuka tu wanakuja, paka dawa na uvae suruali ndefu. Na kampuni yenye tulienda nayo, jina naacha, kwenye simu walisema bei moja, kufika kwenye gati wakasema kuko pesa ya parki (hifadhi ya wanyama) juu yake. Shefu wa klasi aligombana, tukalipa.

Kitu ingine, wakati wa kwenda. Mwezi wa ine maji iko mingi mpaka mvuke unaficha maporomoko yenyewe, mwezi wa kumi na wa kumi na moja upande wa Zambia unaweza kukuta ni mawe tu na maji kidogo. Boti haina shida hiyo, iko muzuri wakati wote. Kama munaendesha wenyewe, mukivuka Kasumbalesa munaendesha upande wa kushoto wa barabara, usiku usijaribu, malori ya shaba imejaa mpaka Chingola, na kutoka Lusaka mpaka Livingstone iko bado kilomita karibu 480, lalani Lusaka kwa rafiki, atafurahi.

Mimi nawapa ine juu ya tano. Chukueni meza ya chini kama munataka kuongea, ya juu ni ya wenye foto, na mbele ya kulipa ulizeni wazi wazi kama pesa ya parki iko ndani, muandikiwe kwenye WhatsApp. Mukiwa wengi ombeni wapunguze, watakataa mara ya kwanza, ngojeni kidogo.