Puerh (chai ya Kichina inayozeeshwa) ya "miaka ya tisini" niliyouziwa Guangzhou: nimepigwa, ila...

Mi Guangzhou naendaga kwa mambo ya viatu na nguo za watoto, chai ni ugonjwa wa pembeni tu, kaniambukiza Mchina mmoja wa kiwandani ambaye kila tukikaa kupiga hesabu ananimiminia puerh. Safari hii nikasema ngoja nitafute ya zamani mwenyewe, nikapanda metro mpaka Fangcun, lile soko la chai unatembea nusu siku na maduka hayaishi.

Soko sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni duka moja na yule dada.

Kanitolea kitu kimeshindiliwa duara kama chapati nene, karatasi imetobolewa na wadudu, imepauka, yaani ukiiona tu unataka kuiamkia. Sheng, yaani puerh mbichi inayoachwa izeeke yenyewe, ya miaka ya tisini, anasema, yuan 1,200. Hapo ndo ningeshtuka, sheng ya kweli ya umri huo kwa bei hiyo unaipatia wapi, lakini tamaa bwana. Akamimina, nyeusi tii, laini, uchungu hakuna, ina kaharufu ka udongo wa mvua. Nikaomba nione majani yaliyobaki kwenye kile kikombe cha mfuniko. Weee! Akaninyang'anya kikombe, majani akayatupa kwenye ndoo, akamgeukia mwenzake wakacheka, na Kichina cha kujua nasemwa ninacho, eti huyu naye anajua nini kuhusu chai. Mimi! Bibi yangu kachuma chai Mufindi mpaka vidole vikawa vyeusi!

Na bado nikalipa. Hasira zilitaka kumwonyesha kwamba hela ninayo, ujinga mtupu.

Hotelini nikaloweka kipande, nikatandaza majani kwenye taulo la watu. Meusi, magumu, ukiyasugua yanakuwa tope. Sheng hata izeeke vipi jani lake linakuwa la kahawia na bado linakunjuka. Hii ni shou jamani, ile wanayoirundika na kuimwagia maji ichache kwa wiki kadhaa ifanane na iliyozeeka, mbinu ya mji wa Kunming, China, ya miaka ya 1970 huko. Shou si dhambi, dhambi ni kuniuzia kwa jina la sheng. Na wadudu karatasi yoyote wanatoboa.

Usiende kabisa kwenye... sasa nitawaelekezaje na jina la duka sikulisoma. Mkienda kwingine ng'ang'anieni kuona majani, akikataa ondoka.

Ila niseme ukweli. Nimefika nayo Dar, Ijumaa tumekula pilau, baba mkwe kapiga vikombe vitano, hakutaka sukari, mzee ambaye chai bila iliki na tangawizi anaiita maji ya moto. Kila wiki anaulizia "ile nyeusi". Na mimi naipenda, shida iko hapo. Kwa hiyo chai naipa nyota nne, duka sifuri. Hapana, chai tatu, maana kila nikiimimina nasikia kile kicheko. Imebaki robo na mzee ameshaagiza nyingine.