Boksi la Vyambo vya Bass: Nimelijaribu Hombolo na Mtera, Kipi Kimekamata, Kipi Kimenila Hela

Mbukwenyi! Tupo bwawani Hombolo, na huo mnaousikia unapiga kwenye maiki ni upepo, mtanisamehe, Dodoma bila upepo si Dodoma. Anayeshika kamera ni shemeji, yuleyule wa siku zote. Picha ikitikisika mjue anacheka.

Haya, boksi lenyewe la vyambo bandia vya kuvulia samaki ndilo hili. Nililiagiza mtandaoni kwa shilingi 45,000, likaja na basi kutoka Dar. Tangazo lilisema vipande 101. Nilivimwaga kwenye mkeka nikahesabu, na mtoto wa shemeji akahesabu upya maana hakuniamini. Vyambo 23. Ishirini na tatu! Vilivyobaki ni ndoana tupu, shanga, chubwi, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, ndogo kama punje za mtama, na vipete vya kuungia mshipi. Nahisi hata mfuniko wameuhesabu. Siwezi kusema wamedanganya, kipande ni kipande, lakini mtu akikuambia anakuuzia ng'ombe 10 hutegemei kwamba amehesabu na kupe.

Shemeji, sogea hapa kwenye mfuniko. Mnamwona huyu samaki aliyeachama mdomo kama anataka kulimeza boksi? Huyo ni bass, yule wa mdomo mkubwa, kwao Amerika Kaskazini. Kwa huku Afrika Mashariki anafahamika zaidi Naivasha, kule Kenya, alikopelekwa mwaka 1929. Hapa Hombolo sijawahi kumwona wala kusikia mtu amemvua. Kwa hiyo nimenunua chambo cha samaki ambaye sina. Mlioniandikia "kaka, umepigwa", nimewasoma wote.

Ila ngojeni kwanza. Bass anavyokula ndivyo vyambo vyake vilivyotengenezwa. Anajibanza kwenye gogo au kwenye majani, kitu kikipita anafungua mdomo kwa ghafla, maji yanaingia na kile kitu kinaingia nayo. Na wakati wa kuzaana dume ndilo linalolinda kiota, hapo halihitaji hata njaa, linavamia chochote kinachosogea. Ndiyo maana vingi humu ndani vimetengenezwa kumtamanisha samaki, na vingine kumuudhi tu. Swali langu lilikuwa moja: huku kwetu nani anakula hivyo, au nani anaudhika kirahisi?

Si perege. Perege mwondoeni kabisa kwenye hesabu. Perege anaokota mwani na vijidudu vya majini, ukimpitishia samaki wa plastiki ni sawa na kumwekea mbuzi nyama. Nimejaribu siku mbili nzima ili msiseme sikujaribu. Perege bado ni donge la ugali au mnyoo wa udongoni, na kielea, na subira. Tuliobaki nao ni kambale, na kule Mtera yule mwenye meno. Nitamfikia.

Tuanze na huyu mrembo. Samaki wa plastiki, mgongo wa kijani, tumbo la fedha, macho yametuna, na hapa mbele ana kidomo cha plastiki kinachomfanya azame na kuyumbayumba ukimvuta. Asili yake ni kitu cha akili sana. Mvuvi mmoja wa Finland, Lauri Rapala, aliona samaki wakubwa wanamchagua yule mdogo anayeogelea kombo, mgonjwa mgonjwa. Mwaka 1936 akachonga wa kwake kwa kisu, kwa gome lile la vizibo vya chupa, akamviringishia karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na juu akampaka filamu za picha alizoziyeyusha ili maji yasiingie. Umaskini na akili vikikutana! Kizuri chajiuza, wanasema, na huyu wa kwangu alijiuza kweli. Kwangu mimi, si kwa kambale.

Shida yake Hombolo ni mbili. Maji haya yana rangi ya chai ya maziwa. Chovya mkono hadi kwenye kiwiko, vidole huvioni, sasa huo mgongo wa kijani nani ataukagua? Ya pili ni hizi ndoana za makucha matatu, mbili chini ya tumbo. Chini huko kuna visiki na majani. Nilirusha mara ya tatu tu, nikahisi kitu kizito, moyo ukadunda, nikamwambia shemeji, "Washa kamera, washa!" Nikavuta, nikalegeza, nikavuta. Kisiki. Nikakata mshipi. Wa pili alinasa kwenye shati la shemeji kabla hata hajafika majini, mgongoni, na ile ndoana ina kijino cha nyuma, kwa hiyo tulitoboa shati ili kuiokoa. Shati limekufa, ndoana imepona. Na hebu tazama ubora wa hiyo iliyopona: naishika kwa vidole viwili, naikunjua... mnaona? Imenyooka kama pini ya nywele. Samaki wa kilo mbili angefanya hivyo bila kutoa jasho. Ukinunua boksi la namna hii, ndoana zote toa, weka zako.

Hivi vijiko vya kuzunguka nitapita haraka maana sina ugomvi navyo. Kibati kidogo kinazunguka kwenye waya, kinatetemesha maji, na samaki ana ule mstari wa ubavuni anaohisi nao mtetemo hata kama haoni kitu. Kwenye maji ya tope hilo lina maana kubwa kuliko rangi zote za dukani. Vimo vinne. Viwili vinazunguka vizuri, viwili vimegoma, nimevipulizia kwa mdomo kama mtoto na bado vimegoma.

Sasa huyu. Shemeji, njoo karibu kabisa, mpaka waone. Mnyoo wa plastiki, laini, unalegea kama mlenda. Mtu aliyeanza kuwamimina hawa ni Nick Creme, wa Akron, Ohio, mwaka 1949. Nilivyomtoa kwenye pakiti nilicheka. Huu ndio unaodharaulika kuliko vyote humu, na ndio ulionipa samaki.

Angalia mkono wangu. Napitisha chubwi kwenye mshipi kwanza, hii ya umbo la risasi, ncha ikiangalia juu. Nafunga ndoana moja tu, kubwa. Nachoma kichwa cha mnyoo, natoa ncha pembeni, napandisha mpaka kichwa kikae kwenye shingo ya ndoana. Halafu nageuza, na ncha nairudisha ndani ya tumbo la mnyoo, inajificha. Haitoki nje. Umeona? Ukipita kwenye majani, hakuna cha kunasa. Ukipita juu ya kisiki, unateleza. Kambale akiuma, mpira unabonyea na ncha ndipo inatokea. Kosa nililolifanya siku ya kwanza ni kuuvuta kama yule mrembo, mbio mbio. Mnyoo huvutwi, unaburuzwa. Unainua ncha ya fimbo, unaacha ushuke, unasubiri. Unahesabu mpaka 10, na kama una haraka hesabu mpaka 20.

Ila hauna harufu, na kambale pua yake na sharubu zake ndizo zinazomwongoza. Kwa hiyo nikafanya uhuni: nikaulaza kwenye kopo pamoja na matumbo ya perege kuanzia asubuhi hadi jioni. Mke wangu alifungua lile kopo, nisiwaambie alichosema. Tulirusha jua linazama, maana kambale anatoka zaidi giza likiingia. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, mshipi ukaanza kutembea pembeni polepole, hakuna mshtuko wowote, kama mtu anakuibia kamba ya mbuzi. Nikasubiri uende kama hatua moja, nikapiga. Dakika kama kumi hivi za kuvutana. Tulimpima kwa mizani ya mama anayeuza samaki pale juu: kilo 3 na robo. Na nyie mtauliza video iko wapi. Video haipo, betri ilikuwa imekwisha, na aliyekuwa na jukumu la kuichaji anajijua. Usicheke, picha inatikisika.

Chura wa mpira naye yumo, mmoja. Anaelea, ndoana zimelala mgongoni, unampitisha juu ya majani kule ambako hakuna kingine kinachopita. Kambale anamla chura wa kweli bila shida, na huyu alipigwa mara mbili mbele ya macho yangu, maji yakaruka, na mara zote mbili niliwahi kuvuta nikamnyang'anya. Kosa ni langu.

Wikiendi iliyofuata tukashuka Mtera. Wanaopita barabara ya Iringa mnapajua, pale basi likisimama samaki wa kukaanga wanakuja mpaka dirishani. Bwawa limekaa kwenye Ruaha Mkuu, upande huu Dodoma, upande ule Iringa, na miti iliyozama imesimama mikavu ndani ya maji kama nguzo za boma lililoungua. Pazuri, na pana mamba na viboko, kwa hiyo kusimama majini usithubutu, na kabla ya kurusha chochote ongea na watu wa BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, wakuelekeze kuhusu leseni na sehemu.

Pale kwenye chai nilimkuta mzee mmoja anashona wavu. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hivyo vya kuchezea umemletea mjukuu wa nani?" Nikamwonesha boksi lote, akakiokota kimoja kimoja, akanusa ule mnyoo, akakohoa. Akanisimulia kambale wake aliyemburuza na mtumbwi usiku mzima, na kadiri chai ilivyokuwa inapungua kambale ndivyo alivyokuwa anakua.

Nikamjibu kwa kisa cha George Perry. Kijana mkulima wa Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, yeye na mwenzake wana chambo bandia kimoja tu kati yao wawili. Akavua bass wa kilo 10 na kidogo, akampima, akaenda naye nyumbani, familia ikamla. Rekodi ya dunia, ikaingia sufuriani! Mzee akasema, "Sasa wewe ulitaka wamfanyeje?" Nikaendelea: miaka 77 baadaye, tarehe 2 Julai 2009, Mjapani Manabu Kurita akavua mwingine ziwa Biwa, kwa samaki mdogo aliye hai, akamzidi wa Perry kwa gramu kama 27. Lakini sheria ya rekodi ilitaka amzidi kwa gramu kama 57, kwa hiyo wakaandikwa sare. Na kabla ya hapo Kurita alikaa kwenye mashine ya kupima uongo, akafaulu. Mzee akaacha kushona kabisa. "Mashine ya uongo? Kwa mvuvi?" Akatazama wenzake. "Ikiletwa hapa Mtera tutabaki wangapi?"

Mwenye meno alinipata siku hiyohiyo. Taigafishi, mwili wa fedha wenye mistari myeusi, na meno yamekaa nje ya mdomo kama msumeno. Nilirusha mnyoo, nikahisi pigo moja kali, nikavuta, umekuja nusu. Huu hapa, mmeona ulivyokatwa? Kama kwa wembe. Nikarusha kijiko cha kuzunguka, akachukua, mshipi wenyewe ukakatika, kijiko kikaenda. Mzee akanicheka, akanipa kipande cha waya wa chuma cha kufunga kati ya mshipi na chambo. Kwa waya nikampata mmoja, mdogo, kilo haifiki. Na taya lake ni mfupa mtupu, ndoana haipati pa kushika, ukilegeza tu mshipi anaitema. Mwingine aliruka hewani, akakitikisa kile kibati, akanirudishia.

Sasa hesabu. Kati ya 23, vilivyonipa samaki ni aina mbili, mnyoo na kijiko, na chura namweka hapo kwa heshima tu. Kwa shilingi 45,000 ningepata pakiti ya minyoo, vijiko viwili vya maana, ndoana imara na waya, na nauli ya kwenda Mtera ingebaki. Ukiwa unavua Hombolo tu, vijiko navyo acha, maana samaki wangu wa kijiko alitoka Mtera, nunua minyoo na chubwi. Hao warembo wenye vidomo kama unavua maji meupe yasiyo na visiki, sawa, nenda nao, ila mimi wangu waliobaki mtoto wa shemeji ameshawatungia uzi na kuwaning'iniza dirishani, ndoana tumetoa.

Nyie mnaovua Singida, Bahi, Iringa, niambieni mnatumia nini, na uzito mnaotaja muwe tayari kwa ile mashine ya Kurita. Jumamosi narudi hapahapa na minyoo mitatu, chura mmoja, na lile kopo. Shemeji kaapa kuwa safari hii betri ataichaji tangu Ijumaa.