Palermo kwa miguu na mwongozaji wetu wenyewe: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Tulilipa euro 200 kwa matembezi ya nusu siku mjini Palermo, Sicilia, na bei hiyo ni ya kundi zima, si ya kichwa. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na shangazi yangu aliyetoka Mombasa kuja kututembelea Ujerumani. Kuna njia za rahisi kuliko hiyo. Yapo matembezi ya kundi kubwa ambayo kila mtu hutoa kidogo, na yapo yanayoitwa ya bure, ambayo mwisho wake unaona haya kuondoka bila kutoa kitu. Nimeyajaribu miji mingine na sina ugomvi nayo. Lakini shangazi ana magoti yanayomsumbua, Kiingereza chake ni cha dukani, na ni mtu wa maswali. Katika kundi la watu ishirini, hadi nimtafsirie sentensi moja, mwongozaji keshavuka barabara. Tulichokuwa tunalipia hasa ni haki ya kusimama.

Malalamiko niyatoe mapema. Kampuni tuliyowekea nafasi mtandaoni iliandika kwa herufi kubwa kwamba kila kitu kimo ndani ya bei. Tulipofika mlangoni pa kasri tukaambiwa tiketi za kuingia ni juu yetu. Si pesa ya kufilisi mtu, lakini andikeni ukweli basi. La pili ni baya zaidi. Kasri la wafalme wa Kinormani (watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Sicilia), Palazzo dei Normanni, ndimo linamokutana Bunge la Mkoa wa Sicilia, na kwa sababu hiyo vyumba vya kifalme huwa vimefungwa kwa wageni Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kampuni ilituuzia Jumatano bila kusema neno. Kanisa la ndani lilikuwa wazi, vyumba tukavikosa. Mwongozaji ndiye aliyetueleza, na alionekana kuchoka kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Kwa hiyo nyota zangu nazigawa: kampuni tatu, yeye tano kasoro robo. Hiyo robo nitaieleza.

Ni mwenyeji wa Palermo, mtu wa makamo, amevaa kitambulisho chake shingoni. Italia kuongoza watalii ni kazi ya leseni, si kila mwenye mwavuli anaruhusiwa, na tofauti unaiona. Kabla ya hatua ya kwanza aliuliza maswali: nani anachoka upesi, nani ana njaa, nani ameshachoshwa na makanisa. Kisha akabadilisha njia palepale. Tukaanza juu, kwenye kasri, ili safari nzima iwe ya kuteremka kuelekea baharini. Shangazi akanong'ona, "Huyu kalelewa na bibi yake."

Cappella Palatina, hilo kanisa la ndani ya kasri, nilikuwa nimeiona kwenye picha mara nyingi, na picha hazisaidii. Roger wa Pili, Mnormani, alitawazwa kuwa mfalme wa Sicilia mwaka 1130, na kanisa lake hili liliwekwa wakfu mwaka 1140. Kuta ni dhahabu tupu, vipande vidogo vidogo vya vioo vilivyopangwa kwa mtindo wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, watakatifu na majina yao kwa Kigiriki. Wageni wengi wanaishia hapo, wanapiga picha, wanatoka. Sisi tuliambiwa tuinue vichwa. Dari ni ya mbao, imechongwa vijumba vinavyoning'inia kwa mtindo wa mafundi wa Kiislamu, na kila kijumba kimepakwa rangi. Tatizo ni kwamba iko juu mno, na shingo ya mtu mzima haidumu. Jamaa akatoa mfukoni kioo kidogo cha mkono, akamwekea shangazi kiganjani, akamwonyesha namna ya kukiinamisha. Dari nzima ikashuka mkononi mwake. Tukaona wapiga ngoma, watu na vikombe vyao, wanaume wawili wamekaa na ubao wa sataranji katikati, na pembeni maandishi ya Kiarabu ya kumtakia mfalme heri. Yaani ndani ya kanisa la mfalme Mkristo, juu ya vichwa vya wanaosali, mafundi wa Kiislamu wamechora karamu! Watu walisubiri nyuma yetu, naye hakutuharakisha.

Hapo ndipo alipouliza tunatoka wapi hasa. Nikasema Ujerumani, akatikisa kichwa, akamtazama shangazi. Mombasa. Uso ukambadilika. Akatutoa uani penye kivuli, akafungua simu, akatuonyesha ramani iliyogeuzwa, kusini juu kaskazini chini. Ni ya al-Idrisi, mwanajiografia aliyefanya kazi katika ufalme wa Roger hapa hapa Palermo, akamaliza kitabu chake mwaka 1154. Aliandaa ramani 70 za vipande pamoja na sahani kubwa ya fedha yenye dunia yote. Sahani haipo tena, lakini nakala za kitabu zimesalia, mojawapo Paris na nyingine Oxford. Na ndani yake pwani ya Zanj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, imo, Malindi imo, Mombasa imo. Mombasa anaieleza kuwa mji mdogo ambao watu wake wanachimba chuma, wanawinda, na wana mbwa wekundu wakali.

Shangazi akakunja uso. "Chuma? Mombasa? Wapi, Kisauni?"

Nikatafsiri. Mwongozaji alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, kisha akaeleza kwa makini kwamba al-Idrisi hakufika kwetu. Mfalme na watu wake walikuwa wakiwahoji wasafiri na kulinganisha habari zao, na habari iliyopita midomo mingi haifiki na umbo lake. Nilisoma Mombasa mpaka kidato cha nne na sikumbuki kuambiwa kwamba mji wetu uliandikwa Sicilia katika karne ya 12. Kwa dakika zile peke yake nisingedai pesa yangu. Katika matembezi ya kundi tungepewa hadithi ya Roger na taji lake, basi, kwa sababu hiyo ndiyo inayowafaa wote.

Kutoka kasri hadi kanisa kuu ni mwendo mfupi. Jengo la sasa lilianza kujengwa mwaka 1185, ingawa kila karne imelishona kiraka chake, na kuba lililo juu ni la karne ya 18, halipatani na chochote. Mahali hapo palikuwa na kanisa, Waarabu walipouteka mji mwaka 831 pakawa msikiti, Wanormani walipoingia mwaka 1072 pakarudi kuwa kanisa. Ndani mna makaburi ya Roger na ya mjukuu wake, mtawala Frederick wa Pili, majeneza ya jiwe jekundu iliyoiva. Mume wangu aliyapenda. Mimi akili yangu ilikuwa bado nje.

Kwenye baraza la mlango wa kusini, nguzo ya kwanza mkono wa kushoto, kuna maandishi yaliyochongwa ambayo ukipita haraka utadhani ni mikwaruzo. Jamaa hakutwambia ni nini. Alimwita shangazi kwa ishara, akamwonyesha, akarudi nyuma akanyamaza. Shangazi amesomesha chuo cha Kurani miaka mingi. Alivua miwani, akaivaa, akapitisha kidole hewani bila kugusa jiwe. Herufi ni za kale, si kama za msahafu wa leo, kwa hiyo alisoma kwa kuhangaika, neno akaliacha, akalirudia, kisha sauti ikamtoka yote kwa mkupuo: Mola aliyeziumba mbingu na ardhi kwa siku sita, aufunikaye mchana kwa usiku. Aya ya 54 ya Surat Al-A'raf, kwenye nguzo ya kanisa kuu. Inaaminika nguzo ilitoka katika msikiti wa awali. Nimeshatembezwa na watu wanaoogopa ukimya utadhani wanalipwa kwa neno. Huyu alijua kunyamaza, na hilo nalo ni la kulipiwa.

Baada ya hapo njaa. Soko la Ballarò lipo mtaa wa Albergheria, na ni soko kweli, si maonyesho: wauzaji wanapiga kelele kwa sauti ya kuimba, pikipiki zinapita katikati ya mafungu ya biringanya, na wanunuzi wana haraka zao. Mtaa huu una Waghana, Wabangladeshi, Watunisia, kwa hiyo sisi watatu hatukushangaza mtu. Ukutani kuna mchoro mkubwa wa mtakatifu mweusi, San Benedetto il Moro, aliyezaliwa Sicilia na wazazi Waafrika waliokuwa watumwa, akafa Palermo mwaka 1589. Wenyewe wanamhesabu kuwa mlinzi wa mji.

Chakula, na hapa wasomaji Waislamu wasikilize. Mkate maarufu wa Palermo, pani ca meusa, ni wengu na pafu la ndama, vinachemshwa kisha vinakaangwa. Ukiusikia hivyo unasema sawa, nyama ya ng'ombe. Mafuta yake ya asili ni ya nguruwe. Arancine, yale madonge ya wali yaliyokaangwa, ya siagi huwa na nyama ya nguruwe ndani, na ya nyama ya kusaga mara nyingi huwa imechanganywa na ya nguruwe. Mwongozaji aliyasema haya kabla hatujauliza, na kila kibanda aliuliza kwa niaba yetu mafuta gani yamo kwenye sufuria. Tulichokula kwa raha ni panelle, vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kutiwa limau ndani ya mkate wa ufuta, ambavyo shangazi alivipokea kama bhajia zilizopotea njia. Alikula viwili. Akauliza pilipili iko wapi, hakuna, akasikitika kwa ajili ya watu wa Sicilia.

Sehemu iliyobaki niipitie mbio. Quattro Canti, njia panda ya karne ya 17 yenye pembe nne zilizopambwa, ni nzuri ila imejaa wapiga picha. Fontana Pretoria iliyo jirani ilitengenezewa Firenze na kuuzwa Palermo mwaka 1573, sanamu za marumaru zisizo na nguo kila upande. Shangazi aligeuka, akasema astaghfirullah, kisha akauliza ziko ngapi. La Martorana, kanisa la mwaka 1143 la amiri wa majeshi ya Roger, ni dogo na linatosha robo saa: mtafute Roger mwenyewe ukutani akivishwa taji na Yesu, amevaa kama mfalme wa Kigiriki. Jirani yake San Cataldo ina makuba matatu mekundu ambayo mtu wa pwani atayatazama mara mbili.

Sasa ile robo ya nyota. Karibu na mwisho alituingiza duka la vitamutamu vya lozi, tukaonjeshwa hiki na kile, na mwenye duka akamsalimia kwa bashasha ya mtu mwenye hesabu naye. Vitamutamu ni vizuri, sikatai, ila bei yake si ya Ballarò. Nusu siku ya kulipia isipotelee kaunta ya mtu. Nikimlinganisha na wengine niliokutana nao, ambao humalizia kila ziara kwenye duka la ngozi, huyu alikuwa na kiasi. Na kwa upande mwingine, mume wangu alipochukua fulana yenye picha ya jambazi wa sinema, akamwomba kwa upole airudishe. Majaji Falcone na Borsellino waliuawa kwa mabomu na mafia, genge la wahalifu la hapa Sicilia, mwaka 1992, wa pili ndani ya mji huu, na wenyeji hawaoni cha kuchekesha. Fulana ikarudi.

Mkienda, ombeni siku kati ya Ijumaa na Jumatatu ili vyumba vya kasri viwe wazi, ila Jumapili asubuhi kuna misa katika Cappella. Anzeni mapema, maana jua la kiangazi halina utani. Mabega na magoti yafunikwe. Viatu viwe vya raba isiyoteleza, mawe ya barabarani yamelainishwa na karne za nyayo. Andikeni mapema kwa kampuni mkiuliza tiketi zipi zimo, wajibu kwa maandishi. Bakshishi si lazima Italia. Tulitoa kwa hiari. Kama mko vijana watatu wenye miguu mizuri na Kiingereza cha kutosha, kundi la kawaida litawafaa kwa sehemu ndogo ya bei hii, mradi mjue kuhusu nguzo na mwende wenyewe.

Na mwishoni mtapewa ofa ya gari hadi Monreale, kwenye kanisa kuu la Mfalme William wa Pili lililoanza kujengwa katika miaka ya 1170, lenye ua wa nguzo 228. Nendeni, lakini si kwa bei ya gari. Lipo basi la abiria linaloondokea Piazza Indipendenza, hatua chache tu kutoka kasri.