Mitego Mitatu ya Kapu: Upi Unanasa Wenyewe Kweli?

Habari zenu, wavuvi wa mshipi. Leo niko kwenye bwawa la kulipia huku Uingereza, na samaki wetu anaitwa kapu. Ndiyo, kama kapu la sokoni. Watu wa Naivasha mnamjua, kwenu amejaa tele.

Kapu hamezi ovyo. Anafyonza chakula, akihisi kitu kigumu anakitema. Ndiyo maana Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walibuni unywele: uzi mfupi unaoning'iniza chambo kando, ndoana inabaki tupu. Akitema, ncha inagusa mdomo. Akishtuka na kukimbia, anakutana na uzito wa chubwi, na huo ndio unaoizamisha ncha. Wewe hata fimbo hujaigusa.

Sasa huu wa kwanza, springi (waya uliosokotwa wa kushikia chambo) yenye ndoana tatu, niliuagiza mtandaoni kwa bei ya kutupa. Kumbe hata bure ni ghali! Ukiurusha, ndoana zinasokotana. Na tazameni hapa: chubwi imebanwa kwa fundo juu na chini. Mshipi ukikatika, samaki anaburuta chuma mpaka anase kwenye magugu afe. Kuna mabwawa wakikuona nao wanakutoa nje.

Wa pili ni chubwi ya gramu 80 kwenye klipu ya plastiki. Unafika mbali, na ukikwama kwenye magugu, klipu inaachia chubwi. Sina neno nao.

Ninaoupenda ni huu, fida bapa ya gramu 30, yaani kibebeo cha chambo chenye uzito wake. Unaishindilia pumba yenye unyevu, unafukia humo ndoana na punje yako ya mahindi, unarusha. Mtaniuliza, gramu 30 zitamnasa vipi samaki wa kilo 5? Angalieni kamba ya ndoana: sentimita 10 tu. Akiinua kichwa kidogo, uzito umeshamkamata. Irefushe iwe nusu mita, atakula na kutema huku wewe unaangalia bata.

Kabla ya kununua, shika fida, vuta kamba. Swiveli, yaani kile kiungo kinachozunguka kwenye kamba, ikigoma kuchomoka, rudisha dukani, maana mshipi ukikatika samaki ataburuta fida. Ncha nayo ipitishe juu ya ukucha. Ikiteleza, ni butu.

Kengele ikilia usikurupuke, ameshanasa. Inua fimbo taratibu. Ila legeza breki ya rili (gurudumu la kukunjia mshipi) kabla hujamimina chai. Mwezi uliopita nilisahau, fimbo ikaondoka mbele ya macho yangu, nikaifuata majini hadi kiunoni, kikombe mkononi.