Shule ya bweni ya kurekebisha tabia nje ya Malindi: tathmini ya waliolala humo

Wazazi kadhaa wa Malindi na Lamu wameniuliza, kwa kuwa wanajua nilisoma pale, kama inafaa kumpeleka kijana aliyeanza kutoroka masomo na kutafuna muguka, majani ya kulevya ya jamii ya miraa, katika shule ya bweni ya kurekebisha tabia iliyo nje ya mji wetu. Jina la shule silitaji, kwa sababu ninayoyaeleza ni majengo na utaratibu ambao mzazi anaweza kuukagua kwa macho yake mahali popote pa aina hiyo. Kumbukumbu zangu nimezilinganisha na za wenzangu waliopita mabweni yale kabla yangu na baada yangu, na tumekubaliana karibu katika kila jambo. Kwa hali tuliyoishi nayo sisi, jibu langu ni hapana, na sababu kubwa ni milango.

Mzazi hupokelewa katika banda la wageni lenye paa la makuti, sakafu iliyopigwa deki na upepo mwanana kutoka baharini, akapewa maji ya madafu na kuelezwa ratiba ya siku. Ni mahali pazuri, nami sisemi palijengwa kwa nia mbaya. Lakini kila tunapokutana tuliosoma pale, hakuna hata mmoja anayekumbuka kumwona mzazi wake akivuka uwanja kwenda kutazama kitanda ambacho mwanawe angelalia. Karo ililipwa, fomu zikatiwa sahihi, sanduku likashushwa, na gari likarudi mjini.

Bweni lenyewe lilikuwa jengo refu la matofali ya saruji lililoezekwa kwa mabati, na wakati wa kaskazi joto la mchana liliendelea kutushukia hadi usiku wa manane. Vitanda vya deka vilibanana kiasi kwamba aliyelala upande wa ukutani alilazimika kupanda juu ya kitanda cha mwenzake ili atoke. Madirisha yote yalitiwa nondo. Milango ilikuwa miwili, lakini mmoja ulizibwa kwa makabati, na ule wa pili ulifungwa kwa nje kila usiku baada ya masomo ya jioni. Mlezi wa bweni alituhesabu, akazima taa, akatoka, kisha tukasikia komeo likikwaruza chuma na kufuli likigongwa kwa kiganja ili ahakikishe limeshika. Tangu hapo mpaka adhana ya alfajiri, choo chetu kilikuwa ndoo ya plastiki iliyowekwa pembeni, na waliofika karibuni ndio waliolazwa jirani na ndoo hiyo.

Usiku mmoja mwenzetu kutoka Lamu alibanwa na pumu. Tulipiga mlango kwa mabakuli na kwa viatu hadi mlinzi akaja, lakini mlinzi hakuwa na ufunguo, ikabidi aende kumwamsha mlezi nyumbani kwake ng'ambo ya uwanja. Kijana yule alikaa chini ya dirisha, akishika nondo kwa mikono miwili ili anyanyue kifua apate pumzi, huku wawili wetu wakimpepea kwa daftari. Alipona, na leo ana mke na watoto, lakini sitaki mzazi yeyote asome habari hii akidhani kwamba hatari niliyoieleza ni ya kubuni.

Kanuni ziko wazi. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, milango inayofunguka kwa nje na isiyofungwa kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani, mlango wa dharura katikati ya bweni, na madirisha yasiyo na nondo. Kanuni hizo ziliandikwa baada ya misiba. Hapa hapa Pwani, katika Shule ya Wasichana ya Bombolulu, moto wa bweni uliwaua wasichana 26 mwaka 1998. Kyanguli, huko Machakos, wavulana 67 walikufa Machi 2001. Na katika mikasa yote miwili mlango uliofungwa na nondo za madirisha viliwanyima wengi njia ya kutokea. Mwaka 2024 wanafunzi 21 walikufa kwa moto wa bweni la shule ya Endarasha, Nyeri. Shule inayofunga watoto kwa kufuli usiku, hata kama inasema inazuia utoro, inacheza na maisha yao.

Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba kidogo kilichokuwa ghala la saruji, chenye matundu machache juu ya ukuta na mkeka mmoja sakafuni. Humo alifungiwa aliyejibizana na mwalimu, aliyekutwa na sigara, na, jambo linaloniuma zaidi, aliyeletwa akiwa na arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unaokosa heroini uliyoizoea. Kijana anayetapika, anayetetemeka na kuumwa na viungo vyote anahitaji daktari, wala si ukuta. Shule haikuwa na muuguzi. Chumba cha wagonjwa kilikuwa na kitanda kimoja na kabati lenye dawa za maumivu ya kichwa, ilhali mjini Malindi hospitali ya serikali ina kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, yenye wahudumu waliosomea kazi hiyo, ambao wangeweza angalau kuulizwa ushauri. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inamlinda mtoto dhidi ya adhabu za kinyama, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inaharamisha kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili.

Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi na sabuni haikutoa povu. Maji matamu ya bomba yalipofika yalijazwa kwanza katika tangi la ofisi. Vyoo vya mchana vilisafishwa na sisi wenyewe, jambo ambalo silioni kuwa baya. Madarasa yalikuwa ya kawaida, na maktaba ilikuwapo ila ilifunguliwa wageni walipokuja.

Haki yake nayo isemwe. Chakula kilitosha, na mama mpishi, ambaye sote tulimwita bibi, alitupikia mbaazi za nazi na mahamri siku za Jumapili kwa uangalifu uleule ambao angewapikia wajukuu wake. Na karakana ya useremala ilikuwa mahali pekee katika shule ile ambapo nilijiona ni mtu. Fundi aliyetufundisha alikuwa mzee wa Lamu, mwenye subira, aliyetuita wanangu na kutuanzisha na kunoa patasi juu ya jiwe la mafuta kabla hajaturuhusu kugusa ubao. Alitufundisha kuchora maua na minyororo juu ya mbao kwa penseli, kisha kuchonga polepole kufuata mishipa ya mti, tukijifunza kwa vipande vilivyobaki vya mbambakofi. Karakana yake haikufungwa mchana kutwa, vyombo vyenye makali vilining'inia ukutani mbele ya vijana walioitwa watukutu, na hakuna patasi iliyopotea wala mtu aliyeumizwa kwa makusudi. Baadhi yetu tunakula kwa kazi ile mpaka leo.

Lililobaki ni simu. Tulizungumza na wazazi kwa spika, mlezi akiwa amekaa kando, na aliyelalamika alikatiwa mazungumzo. Nimesoma maelezo ya watu waliopelekwa katika shule za namna hii huko Marekani wakiwa vijana, akiwemo Paris Hilton, mtu maarufu wa televisheni wa ukoo wenye jina la hoteli za Hilton, aliyetoa ushahidi mbele ya wabunge wa jimbo la Utah mwaka 2021, nao wanasimulia kufungiwa peke yao na simu za nyumbani kusikilizwa. Kelele zao zilichangia kupatikana kwa sheria ya taifa ya kuzuia unyanyasaji wa watoto katika taasisi hizo, iliyotiwa sahihi Desemba 2024.

Hivi karibuni niliitembelea shule yetu kwa idhini ya uongozi mpya. Nondo zimeng'olewa katika bweni moja, makabati yameondolewa mbele ya mlango wa pili, vizima moto vimetundikwa, na kile chumba cha nyuma kimerudi kuwa ghala. Hayo ni mabadiliko ya kweli na nayapokea kwa moyo mweupe. Bweni la pili bado lina nondo, muuguzi bado hayupo, na utaratibu wa simu ni uleule, kwa hiyo siwezi kuisifu shule hii kwa mzazi kabla mambo hayo matatu hayajarekebishwa.

Mzazi anayekusudia kwenda asiishie bandani. Aombe kuona bweni baada ya magharibi, wakati wanafunzi wamo ndani, atazame komeo liko upande gani wa mlango, aulize nani hushika ufunguo usiku na muuguzi analala wapi. Akiambiwa kwamba wageni hawaruhusiwi mabwenini, arudi na mwanawe. Na ambaye mtoto wake yuko ndani tayari na anahofia usalama wake, apige 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo haina malipo na hupokelewa usiku na mchana.