Mizani ya jikoni: usinunue kabla hujaiwekea bakuli

Mizani yangu ya kwanza niliichagua kwa urembo: ya kioo, nyeusi, nyembamba kama daftari. Siku ya kwanza nikaiwekea bakuli la karoti, namba zikapotea. Kidirisha kiko kwenye ukingo wa bamba, na tumbo la bakuli lilikifunika chote. Nikainama, nikainua bakuli upande mmoja nichungulie, na uzito ukabadilika palepale, kwa sababu nusu nilikuwa nimeubeba mwenyewe.

Mizani ya nini? Mboga ya shada na mboga ya kilo huwezi kulinganisha bei zake kwa macho. Karoti za mkulima wa jirani huja na majani yake, za mfukoni zimeshakatwa. Kata majani, pima kinachoingia sufuriani, kisha gawanya bei kwa uzito huo. Kwangu za mashada hushinda msimu wake wote, na nje ya msimu hushindwa vibaya. Maharage ya kopo nayo yachujie maji kwanza, maana hukununua maji.

Nafasi ya kwanza naipa OXO Good Grips ya kilo 5, na sifichi upendeleo wangu. Kidirisha chake huvutwa nje kama droo, kiasi cha sentimita 10, kwa hiyo weka hata sinia utasoma. Bamba la chuma hutoka ukaliosha. Ni ghali, najua. Ila kwa hii na nyingine nyingi, kilo 5 ni pamoja na chombo: ukiweka sufuria ya kilo 1 ukabonyeza kitufe cha kufuta uzito wake, sifuri inarudi lakini umebakiwa na kilo 4.

Ya pili ni ya mshale. Salter, kampuni ya Uingereza, inatengeneza mizani za springi tangu karne ya 18. Uso uko mbele, bakuli liko juu, hakuna cha kufunikwa, wala haidai betri. Viungo vya gramu 5 usiipelekee, mshale hautikisiki.

Ya ndoano, ya kushika mkononi, inafaa kwenda nayo sokoni. Nyingi hupima hadi kilo 50, kwa hiyo kwa mfuko wa viazi ni sawa, kwa shada la majani ni kubahatisha.

Za bamba bapa za bei ya chini zote ni dada wa ile yangu. Siyo kwamba zinadanganya. Zipime kwa maji: nusu lita ni gramu 500, ukishaondoa uzito wa chombo. Yangu ilifaulu. Inalo jibu sahihi, ila imelikalia.

Na wauzaji wanalijua hili. Tazama picha zao: juu ya bamba pana stroberi tatu, au hapana kitu kabisa. Sijawahi kuona picha yenye bakuli la kweli. Nilipoirudisha yangu dukani nikaambiwa haina hitilafu, inapima sawasawa, pesa hairudi. Nikamwambia muuzaji, haya kaka, weka chombo chochote unachopikia nyumbani kwako, unisomee.

Akachukua kikombe.