Skrubu za chuma cha pua cha 316 kwenye sitaha ya nyumba ya baharini: uzoefu wangu

Kama unajenga upya sitaha ya mbao, yaani baraza la nje la mbao, kwenye nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, chagua skrubu kwanza, mbao baadaye. Sitaha yangu ya zamani tuliibomoa yote na kuijenga upya kwa skrubu za chuma cha pua daraja la 316. Nimeishi nazo vya kutosha kusema zilivyo, mazuri na mabaya yake.

Ile ya zamani ilifungwa kwa skrubu za kawaida zilizopakwa zinki. Ukiitazama kwa juu ilikuwa nzima. Tulipoanza kuifungua, vichwa vilikatika kwa kuguswa tu na bisibisi, na mbao nyingine zilinyanyuka kwa mkono mtupu. Skrubu moja niliyoing'oa kwa koleo ilikuwa na ncha safi bado, lakini shingo yake, pale ubao unapolala juu ya boriti, ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama sindano. Tundu lilizungukwa na duara jeusi, ambalo ni kutu iliyokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao. Kilichoniuma ni kwamba mbao zenyewe nyingi zilikuwa bado imara. Sitaha nzima ilikufa kwa sababu ya vyuma vilivyoishikilia.

Chanzo kinaeleweka. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata jua likiwaka vipi, upenyo kati ya ubao na boriti haukauki vizuri. Isitoshe, mbao nyingi zinazotiwa dawa siku hizi hutiwa dawa yenye shaba. Shaba na zinki zikikutana penye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni zinki. Zinki ikiisha, zamu ya chuma inafika.

Sasa kuhusu hizi za 316. Zina ndugu yao, 304, ambayo nayo ni chuma cha pua na kwa macho hutazitofautisha. Sumaku pia haikusaidii. Tofauti kubwa ni molibdenamu, metali inayochanganywa kwenye chuma: 316 ina asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayozuia chumvi isichimbe vishimo kwenye chuma. Kwenye boksi tafuta maandishi A4. Ukiona A2, hiyo ni 304, na kwa nyumba iliyo mbele ya bahari mimi nisingeichukua. Bolti kubwa kwa kawaida hugongwa alama kichwani, kama A4-70, kwa hiyo hizo ni rahisi kuzihakiki.

Kuzifunga kunataka subira. Chuma hiki ni laini kuliko kile cha skrubu za kawaida zilizofanywa ngumu kwa moto, na kwenye mbao ngumu kama mtiki skrubu inaweza kukatika kabla haijafika mwisho. Kila tundu tulilitoboa kwanza kwa keekee, kisha tukafunga kwa mwendo wa taratibu. Nunua zenye kichwa cha nyota, maana zile za alama ya msalaba huchubuka mapema na ukishaichubua hutaing'oa tena bila vita. Usikate wala kusaga chuma cha kawaida karibu na kazi iliyokamilika. Vumbi lake likitua juu ya 316 linaota kutu, na utadhani umeuziwa bandia.

Vishikio vya boriti navyo tulivibadilisha. Fundi alitaka kuviacha vile vya zinki. “Hivi bado vizima, bosi,” akaniambia, na kweli vilionekana vizima. Nilikataa, kwa kuwa ukichanganya zinki na chuma cha pua mahali penye chumvi, zinki ndiyo inayolipa gharama. Vyuma vinavyogusana viwe vya aina moja.

Kwa upande wa mbao, wengi huilaumu chumvi kupita kiasi. Chumvi hufanya uso wa ubao uote manyoya, hilo ni kweli, lakini kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu hustawi kwenye maji ya mvua yaliyotuama. Wajenzi wa meli za mbao zamani walikuwa wakijaza chumvi katikati ya mataruma, yaani mbavu za meli, ili mbao zisioze. Kwa hiyo ulinzi wetu tuliuelekeza kwenye mvua: utepe wa butili (mpira unaonata) juu ya kila boriti kabla ya kulaza mbao, nta kwenye kila ncha iliyokatwa, na nafasi ya kama milimita 5 kati ya ubao na ubao ili maji yapite. Nguzo zilizozama majini ni habari nyingine. Huko kuna teredo, jamii ya chaza mwenye umbo la mnyoo anayekula mbao kutoka ndani, na hakuna skrubu inayomzuia.

Matunzo ni mepesi. Nasuuza sitaha kwa mpira wa maji yasiyo na chumvi, hasa baada ya siku za upepo mkali, na sehemu iliyo chini ya paa naisuuza zaidi kwa sababu mvua haiifikii. Ni huko huko chini ya paa nilikoona madoa ya kahawia kwenye vichwa vya skrubu chache. Yalitoka kwa brashi laini na maji ya sabuni. Steliwaya usiiguse kabisa. Mashine ya kuosha kwa presha nayo iache, inachana nyuzi za mbao. Vanishi siitaki kwenye sitaha, ikibanduka inakulazimu kupiga msasa upya. Mafuta yanayopenya ndani yanatosha, na asiyejali ubao kugeuka kijivu anaweza hata kuacha kupaka mtiki.

Lawama yangu ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya zile za zinki, na urefu mwingine ni shida kuupata. Agiza za ziada mapema, kwa sababu zinazokatika ni nyingi kuliko unavyodhani. Ukiishiwa katikati ya kazi, simamisha kazi mpaka nyingine zije. Usikubali fundi amalizie na za zinki.